Mto Nairobi Uombewe Ruzuku ya Kazi Gani?

Machi 2025 Rais William Ruto alizindua mradi wa kufufua Mto Nairobi, uliokadiriwa kugharimu shilingi bilioni 50 na kugusa takriban kilomita 27 za mto, kuanzia Naivasha Road upande wa magharibi hadi Ruai. Ndani ya urefu huo kuna kipande kifupi ambacho ndicho kiini cha mjadala huu: kile kinachotoka Chiromo, kikapita chini ya Museum Hill, kikaambaa Mtaa wa Kijabe na Bustani ya Michuki, kikavuka mzunguko wa Globe, kikajificha nyuma ya maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, kisha kikateremka Kariokor hadi Gikomba. Huo ndio ukingo wa kaskazini wa Katikati ya Jiji. Ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwenye majumba ya benki, lakini mtu anaweza kufanya kazi mjini miaka kumi asione maji yake. Mradi wa ukubwa huu hauwezi kubebwa na bajeti peke yake, kwa hiyo swali la ruzuku haliepukiki: fedha za umma zisizorudishwa, ziwe za Serikali ya Kitaifa kwenda kwa kaunti au za mifuko ya kimataifa ya mazingira. Msimamo wangu ni kwamba Nairobi iombe, na iombe bila haya. Lakini shilingi za kwanza ziende kwenye majitaka na kwa watu wanaofanya kazi ukingoni. Njia ya matembezi, taa na viti vije mkiani mwa orodha. Ombi lililopangwa kinyume cha hapo halifai kutumwa.

Msimamo huu una wapinzani, na baadhi yao wanasema mambo ya kweli. Nimewapa nafasi humu kila mmoja kwa nafasi yake jijini: mwuza vipuri, mpangaji miji, mkazi wa magharibi ya mji, mama wa mitumba na afisa wa Hazina. Maneno ni ya kwangu kuyatunga, ila hoja ni zile zinazosikika kila mto huu unapotajwa.

Mwuza vipuri wa Kirinyaga Road ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. "Ndugu mwandishi, kila serikali huja na mto wake. Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa ulianzisha programu ya bonde la Mto Nairobi. Mwaka 2008 akaja Waziri Michuki. Mwaka 2010 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaidhinisha fedha za majitaka. Mwaka 2018 tukaona tingatinga, mwaka 2020 bustani ikafanyiwa ukarabati, mwaka 2022 ikaundwa tume ya mto. Pesa zote hizo zimeingia, na maji yanayopita nyuma ya duka langu bado ni meusi. Sasa unataka tuombe nyingine?" Orodha yake ni sahihi na uchovu wake una sababu. Ila ukiichambua, haisemi kwamba fedha hazifanyi kazi. Inasema zilielekezwa wapi na ziliishia wapi. John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira aliwaondoa waliokuwa wamevamia ukingo karibu na Globe, taka zikazolewa, miti ikapandwa, na kwa muda watu waliona kwamba kile kipande kinaweza kuwa pahali pa binadamu. Alifariki Februari 2012 na msukumo ukalegea. Bustani inayobeba jina lake leo ina kivuli na njia nzuri ya kutembea, lakini maji yanayopita kando yake hufika yakiwa yamekwisha kuchafuliwa. Ukingo ulisafishwa, chanzo cha uchafu kikaachwa. Fedha za majitaka nazo zililenga mahali panapostahili, ila bomba kuu lisilounganishwa na nyumba za jirani hubaki bomba tu, huku choo cha nyumba hizo kikiendelea kumwagikia mtaroni.

Hapa inafaa tutazame kwa karibu jinsi mto unavyochafuka, maana ombi zuri huzaliwa na maelezo hayo. Majitaka husafiri kwa mteremko. Mhandisi hatumii pampu pale anapoweza kutumia mlima, kwa hiyo mabomba makuu ya Nairobi hufuata mabonde, na bonde maana yake ni ukingo wa mto. Bomba linaloteremka sambamba na maji lina mashimo ya ukaguzi kila baada ya mita kadhaa, yenye vifuniko vya chuma. Kifuniko kikiibwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu, shimo hilo linageuka jaa la vitambaa, chupa na mifuko. Bomba linaziba. Majitaka hupanda kwenye shimo lililo juu yake, hufurika, na kwa kuwa mto uko hatua chache tu chini, hapo ndipo yanapoishia. Ongeza mitaro ya maji ya mvua, iliyojengwa kupeleka mvua mtoni, ambamo baadhi ya majumba yamechomeka mabomba ya vyoo kwa siri. Ongeza oili chafu ya gereji inayomwagwa palepale inapofunguliwa injini. Takriban nusu tu ya wakazi wa jiji wanahudumiwa na mtandao wa majitaka, na kituo cha kusafisha cha Kariobangi kilijengwa kwa uwezo wa mita za ujazo 32,000 kwa siku, kwa ajili ya mji uliokuwa mdogo mno ukilinganishwa na huu. Yote haya hayaonekani kwenye michoro ya rangi inayoonyesha familia zikitembea kando ya maji ya buluu.

Mpangaji miji ana jibu tayari, na analitoa kwa uzoefu. "Wafadhili hawazindui mabomba. Kiongozi hakati utepe mbele ya shimo la majitaka. Ukitaka fedha, onyesha kitu kinachoonekana: daraja la waenda kwa miguu, uwanja, soko safi. Seoul walifukua Cheonggyecheon katikati ya mji kati ya 2003 na 2005, wakabomoa barabara ya juu iliyoufunika, na dunia nzima ikaenda kujifunza. Anzeni na kinachovutia macho, mabomba yatafuata." Mfano wa Seoul ni mzuri, ila hausemi anachotaka useme. Maji yanayotiririka Cheonggyecheon husukumwa kwa pampu kutoka Mto Han, kila siku, kwa gharama, na mji ule ulikuwa na hazina ya kulipia. Nairobi haina Mto Han wa kuazima. Ikijenga kingo za kupendeza bila kuziba majitaka, itakuwa imewaalika watu waje kukaa karibu na harufu.

Kuhusu wafadhili kukataa mabomba, historia iko kinyume chake. Mto Cuyahoga uliposhika moto Cleveland Juni 1969, na si kwa mara ya kwanza, Wamarekani hawakuanza kwa kujenga viti. Sheria ya maji safi ya 1972, iliyopitishwa na Bunge lao licha ya kura ya turufu ya Rais Nixon, iliweka ruzuku ambazo Serikali Kuu ilitumia kulipa hadi asilimia 75 ya gharama za kujenga mitambo ya kusafisha majitaka mijini. Miji midogo kwa mikubwa iliandika maombi, ikatoa sehemu iliyobaki kutoka mifukoni mwao, na kazi ikaenda kwa zaidi ya mwongo mmoja kabla ya utaratibu kugeuzwa kuwa wa mikopo kwa sheria ya 1987. Njia za matembezi ambazo leo zinasifiwa zilikuja baadaye, na nyingine hata hazikulipiwa kwa ruzuku: ile ya Chicago ilijengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa Serikali Kuu, ambao unapaswa kulipwa kwa mapato ya biashara zilizoko ukingoni. London nayo inatufundisha jambo la kiufundi zaidi. Victoria Embankment, ile barabara ya kando ya Thames iliyofunguliwa 1870, ina bomba kuu la majitaka ndani yake. Mhandisi Joseph Bazalgette alihitaji nafasi ya kulaza bomba. Jiji likapata barabara na bustani juu yake. Ningependa mpangaji wetu ashike hilo. Njia ya matembezi kutoka Museum Hill hadi Gikomba ichorwe kuwa mgongo wa bomba: pana vya kutosha gari la kuzibua lipite, na mashimo ya ukaguzi yawe juu ya njia yenye taa na watu, ambapo mwizi wa vifuniko hatapata giza. Hapo anachokitaka yeye na ninachokitaka mimi vinakuwa ujenzi mmoja, mradi bomba litangulie.

Mkazi wa Kileleshwa anaingilia kwa ufupi: "Uchafu unaanzia juu. Mkisafisha Globe leo, kesho utateremka mwingine kutoka Kawangware na Dagoretti." Ni kweli, na anapaswa kujitaja naye. Mto unatoka kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, kaunti ya Kiambu, ukapita karibu na Dagoretti, ambako vichinjio vimelalamikiwa kwa miaka mingi, kabla ya kufika kwenye mitaa ya matajiri. Kileleshwa, Kilimani na Lavington zilipangwa kwa nyumba moja katika shamba moja. Leo palipokuwa na familia moja kuna ghorofa ya familia makumi, na bomba la mtaa lilikuwa la ile familia moja. Kwa hiyo ombi linalohusu Katikati ya Jiji halina budi kufunga mkataba na magharibi, na hata na Kiambu. Mfadhili mwenye akili atauliza hilo mwanzoni kabisa.

Mama wa mitumba wa Gikomba amesikiliza muda mrefu. "Mwandishi, wewe unazungumza mabomba, mimi nasikia tingatinga. Kila mtu akitamka ukingo wa mto, mimi ndiye ninayevunjiwa kibanda. Hiyo ruzuku yenu ikija, itanikuta wapi?" Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na sina njia ya kulipita haraka. Agosti 2018 tingatinga ziliangusha jumba la Ukay kule Westlands na majengo mengine yaliyosemekana kusimama juu ya ardhi ya mto. Baadhi ya wenyewe walishika hatimiliki na vibali vilivyotolewa na ofisi za serikali, na walikuwa na mawakili. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyoua watu zaidi ya 200 nchini, serikali iliamuru wanaoishi kingoni waondoke. Nyumba za Mathare na Mukuru zikabomolewa ndani ya siku chache, na waliobomolewa wakaahidiwa shilingi 10,000 kwa kila familia. Nani anaweza kukodi chumba, kununua mabati na kurudisha watoto shuleni kwa fedha hizo? Mtu wa Gikomba anaona mambo hayo mawili na kuhesabu ni upande gani ataangukia. Hofu yake imejengwa juu ya yale aliyoyaona.

Ila hapa ndipo ruzuku inapotofautiana na amri. Fedha zinazotoka kwenye mifuko mikubwa ya kimataifa, na zile zinazopitia Benki ya Dunia, huja na kanuni kuhusu kuhamisha watu. Kanuni hizo hutaka kila anayeathirika ahesabiwe kabla ya kazi kuanza. Asiye na hatimiliki halipwi ardhi, lakini hata yeye hulipwa jengo lake na kusaidiwa kurejesha riziki yake. Na malipo hutangulia ubomoaji. Tutazame Dar es Salaam, kwa majirani zetu. Bonde la Msimbazi lilikuwa likifurika mwaka baada ya mwaka, Jangwani ikikatika na kituo cha mabasi ya mwendokasi kikizama. Mwaka 2018 wakazi, maofisa na wataalamu walikaa pamoja katika vikao vya miezi kadhaa kuchora mpango wa bonde zima. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mradi huo, na Hispania na Uholanzi zikaunga mkono. Sehemu kubwa ni mkopo wa masharti nafuu, kwa hiyo Dar es Salaam italipa. Wapo pia wakazi waliolalamika kwamba fidia waliyopewa ilikuwa ndogo mno kwa kununua kiwanja kwingine, na malalamiko yao yalistahili kusikilizwa. Pamoja na hayo, watu walihesabiwa, majina yakaandikwa, malipo yakafanyika, kisha nyumba zikabomolewa. Linganisha utaratibu huo na notisi fupi waliyopewa watu wa kingoni mwaka 2024. Mama wa Gikomba ana kila sababu ya kudai kanuni ya namna hiyo, na njia iliyo karibu ya kuipata ni kuhakikisha imeandikwa ndani ya ombi lenyewe, pale ambapo mfadhili anaweza kusimamisha fedha ikivunjwa.

Sitamdanganya kwamba hatahama hata hatua moja. Wapo walio juu ya bomba au karibu na maji kiasi kwamba mafuriko yajayo yatawachukua. Lakini kuhama mita arobaini ndani ya Gikomba ileile, akiwa na wateja walewale na njia ileile ya wabeba mizigo, ni jambo moja. Kupelekwa pembezoni mwa mji kwenye soko tupu ni jambo lingine kabisa. Mitumba huuzwa kwa wingi wa watu. Marobota hufunguliwa alfajiri, wachuuzi wa rejareja huchagua nguo kabla jua halijapanda, na mwenye kibanda hununua leo kwa faida ya jana. Ukimtoa kwenye mkondo huo kwa miezi mitatu, mtaji umekwisha. Bajeti ya ruzuku inapaswa kuwa na fungu la miezi hiyo mitatu, lililokokotolewa na kutajwa, kama linavyotajwa fungu la saruji.

Sasa afisa wa Hazina. "Unasahau kwamba misaada hukatika. Januari 2025 Marekani ilisimamisha msaada wake kwa nchi za nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Kliniki zetu zilijua maana yake ndani ya wiki chache. Isitoshe, kwa nini masharti ya wageni yatawale mto wetu?" Sehemu ya kwanza ya hoja yake ndiyo inayonifanya niseme ruzuku ilipie ujenzi, isilipie uendeshaji. Bomba likishalazwa halifukuliwi kwa sababu uchaguzi umefanyika ng'ambo. Mishahara ya wazoa taka, mafuta ya magari ya kuzibua na walinzi wa bustani ni gharama za kila mwezi, na hizo zitoke kwenye mapato ya kudumu ya jiji na ya kampuni ya maji. Kuhusu mbadala, afisa huyu anajua hesabu kuliko mimi. Deni la taifa lilivuka shilingi trilioni 10 mwaka 2023, na Juni 2024 vijana waliujaza mji huuhuu, kutoka Moi Avenue hadi Bungeni, kupinga Mswada wa Fedha. Kaunti nayo haiwezi kukopa hivi hivi: Ibara ya 212 ya Katiba inataka Serikali ya Kitaifa idhamini mkopo huo na Bunge la Kaunti liuidhinishe. Ukiondoa kodi mpya na mikopo mipya, kinachobaki ni ruzuku au kuwakabidhi wajenzi ardhi ya ukingoni ili walipie wao. Njia hii ya mwisho ndiyo ninayoiogopa kuliko masharti yoyote ya mfadhili, kwa sababu mjenzi hurudisha fedha zake kwa kuuza ukingo, na ukingo uliouzwa haurudi kwa umma. Ibara ya 62 inahesabu mito kuwa ardhi ya umma, ibaki hivyo.

Tena si lazima ruzuku itoke ng'ambo. Ibara ya 202 inairuhusu Serikali ya Kitaifa kuzipa kaunti mgao wa ziada kutoka fungu lake, kwa masharti au bila masharti, na nchi hii imeshajifunza kuutumia mlango huo. Mpango wa kusaidia miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2018 ulipeleka ruzuku kwenye miji ya kaunti 45, Nairobi na Mombasa zikiachwa nje. Ili kupata fedha za ujenzi, mji ulipaswa kwanza uwe na bodi, meneja na mpango wa maendeleo. Miji midogo ambayo haikuwahi kuwa na meneja iliajiri, kwa sababu bila yeye hakuna fedha. Nalipenda somo hilo: masharti yalikuwa ya kujenga uwezo wa mji wenyewe, na yaliandikwa kabla, mbele ya wote. Mto Nairobi unastahili mfumo kama huo, wenye awamu. Awamu ya kwanza iwe ya vipimo, sajili ya watu na ramani ya mabomba. Ya pili ya bomba na maunganisho ya nyumba. Ya tatu ya njia na bustani, na isifunguliwe mpaka vipimo vya maji pale Globe vionyeshe yamebadilika. Udhaifu wa mlango huu nao utajwe: sheria ya mgao wa ziada kwa kaunti imewahi kukwama kati ya Seneti na Bunge la Kitaifa huku fedha za wafadhili zikingoja, na afisa wa Hazina ana kazi ya kufanya huko kabla ya kulaumu wageni.

Kwa mifuko ya kimataifa, Kenya ina mlango ambao haujatumika vya kutosha. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilipata ithibati ya Mfuko wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2012 na ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2016, yaani inaweza kupeleka maombi moja kwa moja bila kupitia shirika la kigeni. Hoja ya tabianchi kwa mto huu haihitaji kupambwa. Mafuriko ya 2024 yameshaiandika. Lakini mfuko wa namna hiyo utauliza nani anamiliki ukingo, nani atatunza, na mwombaji anachangia nini, na hapa ndipo tutakapojikwaa tusipojitayarisha. Kingo za mto ziko mikononi mwa Serikali ya Kitaifa kwa niaba ya wananchi. Majitaka na mitaro ya mvua, kwa Jedwali la Nne la Katiba, ni kazi ya kaunti, na ulinzi wa mazingira ni wa taifa. Kaunti ya Nairobi inadaiwa na wanakandarasi na wauzaji makumi ya mabilioni ya shilingi, hivyo ahadi yake ya mchango itatazamwa kwa shaka. Ombi likipelekwa na tume ya mto peke yake, kaunti itasema bomba si lake. Likipelekwa na kaunti peke yake, ardhi itakuwa ya mwingine. Sahihi mbili zinahitajika, pamoja na akaunti maalumu ya mradi ambayo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ataikagua kila mwaka na taarifa yake kubandikwa mahali ambapo mwuza vipuri anaweza kuisoma.

Mwuza vipuri anarudi hapa, na safari hii anauliza jambo dogo linalopimika: "Mpaka wangu uko wapi?" Kanuni za maji za 2007 ziliweka ukingo kuwa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kulingana na upana wa mto. Mita 6 na mita 30 hapo Kirinyaga Road ni tofauti kati ya kupoteza ua wa nyuma na kupoteza duka zima. Aliyebomoa 2024 alitumia 30. Mtu anayetaka kuomba ruzuku hana ruhusa ya kuliacha swali hilo wazi, kwa sababu idadi ya watu wa kufidiwa, upana wa njia na mahali pa bomba vyote vinategemea jibu lake. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya mchoro wowote, ni ya wapima ardhi: mawe ya mpaka yasimikwe kutoka Chiromo hadi Gikomba, kipande kwa kipande, kwa kipimo cha mafuriko ya mahali penyewe. Siku hiyohiyo sajili ya vibanda, maduka na vyumba ifunguliwe, kila mmoja apewe nakala yenye jina lake, ukubwa wa eneo lake na tarehe. Mama wa Gikomba anauliza kama anayepanga kibanda cha mwingine ataandikwa pia. Aandikwe, katika safu yake mwenyewe, kwa sababu anayepoteza riziki ni yeye. Ramani hiyo na sajili hiyo viambatishwe kwenye ukurasa wa kwanza wa ombi, na gharama ya kuviandaa ilipwe na jiji lenyewe, uwe ndio mchango wake wa kwanza.